Mahindi ya Mama Wivine na Mashine ya Tata Mbayo

Shusheni pumzi, wasomaji wangu. Tangu Alhamisi mnauliza kama mashine iliharibika. Haikuharibika. Laiti ingeharibika.

Tuliachana pale pale aibu ilipoanza. Mimi, Godefroid Mbayo, mnunuzi wa kobalti asiye na kobalti wala fedha ya kuinunua, nilikuwa nimesimama sebuleni kwangu Kapata, hapa Kolwezi, saa tatu asubuhi, nimeelekeza mashine ya kupimia mawe kwenye gunia la mahindi. Nilifanya mzaha tu. Nilitaka rafiki yangu Kalombo aone kwamba mashine bado inawaka, na kwamba mwenye mashine bado ni mtu.

Mashine ikalia pii. Kioo kikaandika: kobalti, asilimia sifuri nukta nne.

Kwa gunia la mawe, sifuri nukta nne ni uchafu. Enzi zangu ungeniletea jiwe la namna hiyo, ningekufukuza kwenye depo langu la kununulia mawe, wewe na shemeji zako wote. Lakini kwa gunia la mahindi, ndugu zangu, hiyo ni habari nyingine.

"Pima tena," Kalombo akasema.

Nikapima tena. Sifuri nukta nne.

"Pima mi." Akanyoosha kiganja.

Nikapima kiganja chake. Hakuna kitu. Tangu bei ianguke, kiganja cha Kalombo hakijawahi kuwa na kitu, kwa hiyo mashine ilikuwa nzima.

"Mbayo," akasema polepole, "hii mahindi mulivuna mu shimo ya mawe?"

Kwa aliyeokota gazeti hili leo chini ya meza ya kinyozi, nitasema kwa ufupi. Kobalti ilianguka bei, kisha ikazuiwa kuvuka mpaka, na sisi wafanyabiashara wa Musonoi tukabaki na mizani mikubwa isiyo na cha kupima. Kila mtu akatafuta pa kutokea. Kalombo alifuga bata ndani ya depo lake. Ngeleka alifungua baa, akaweka viti vya ofisi, vile vyenye magurudumu, na walevi wanaanguka navyo. Mulumba alipata maono, akafungua kanisa, na leo ana wateja kuliko alipokuwa ananunua shaba.

Mimi nilivaa koti. Ndiyo mbinu yangu yote. Kila asubuhi nilivaa koti, nikaenda kukaa mbele ya depo langu lililofungwa hadi saa sita, ili watu wasijue kwamba nimefilisika. Watu walijua. Hata bata wa Kalombo walijua.

Aliyetuokoa ni mke wangu, Mama Wivine, na aliyempa wazo ni binti yetu Abigaëlle. Binti anasoma historia, na mwalimu wake alimpa kuandika juu ya wafanyabiashara wa Bulgaria miaka mia moja na hamsini iliyopita. Mimi hadi mwezi jana nilidhani Bulgaria ni aina ya maziwa ya mgando. Kumbe ni nchi, na watu wake walikuwa wanauza nguo za sufu walizofuma wenyewe, hadi nguo za viwanda vya Ulaya Magharibi zikaja kuwaua sokoni. Wengine wakalia. Wengine wakaingia kwenye kondoo, kwenye nafaka, kwenye vinu vya kusaga.

Nilisikiliza nikitafuna. Kesho yake nikaenda kuwaambia wenzangu kwamba nimebuni mpango wa nafaka.

Mama Wivine hakuzungumza na mtu. Aliuza vitenge vyake vya sanduku, akachukua akiba ya miaka miwili ya kukaanga mikate, maandazi yetu ya Kolwezi, akaenda upande wa Mutshatsha kwa wakulima, akarudi na magunia arobaini na moja. Arobaini ya kuuza, moja ya nyumba, ndilo hilo nililopima. Mama Adolphine, mwenye kinu kikubwa cha Musonoi, alimwambia: lete yote, na yakiwa mazuri kila mwezi nitachukua kwako. Kila mwezi! Hiyo ilikuwa ada ya Abigaëlle, dawa ya mguu wangu, na jina la mke wangu sokoni.

Mimi nilipewa kazi moja. Kulinda mahindi wiki moja ndani ya nyumba, na kuyapakia kwenye kamyo, lori la kwenda kinuni, asubuhi ile.

Kalombo alikuwa bado ananitazama.

"Ile magunia ilikuwa ya mupya?" akauliza.

"Gunia ni gunia," nikasema.

"Mbayo!"

Basi. Mama Wivine alinunua magunia mapya, meupe, yananukia duka. Mimi nikaona hasara. Mfanyabiashara wa kweli, nikajiambia, haweki bidhaa ya bei ndogo ndani ya gunia la bei kubwa. Nyuma ya nyumba nilikuwa na rundo la magunia ya zamani, yale niliyobebea kobalti miaka minne. Mke wangu alipoenda kanisani kwa mazoezi ya kwaya, nikahamisha mahindi yote kutoka mapya kwenda ya zamani, nikayauza mapya. Na nilikuwa mwangalifu! Kila gunia nililikung'uta mara tatu. Vumbi lilikuwa kali hata nikajifunga kitambaa puani.

Ndiyo, nimeandika hivyo. Nilijifunga kitambaa puani nisivute vumbi hilo, kisha nikatia mahindi ya watu.

"Kamyo ilienda saa ngapi?" Kalombo akauliza.

"Saa mbili."

"Basi iko kwa moulin ya Mama Adolphine sasa. Nyamaza tu."

"Ninyamaze namna gani?"

"Na kinywa. Sikia, muzee. Batu ba Kolwezi banakulaka vumbi toka kuzaliwa. Mutu wa huku ukimupima muzuri, utamuuzisha. Sifuri nukta ine njo nini? Bibi yako atapata feza, mutoto atasoma, na we utavaa koti yako. Ukisema, muko bakufa bote batatu."

Nitawaambia ukweli kwa sababu mnanilipia gazeti. Nilinyamaza. Dakika nzima. Katika dakika hiyo niliona kwamba Kalombo ana busara nyingi ambazo sikuwahi kuziona, na nikaanza hata kuwapenda bata wake.

Kisha mlango wa chumba ukafunguka. Abigaëlle alikuwa amesimama na kalamu sikioni. Nyumba za Kapata zilijengwa na kampuni kwa wafanyakazi wake, na kampuni haikupoteza matofali kwenye kuta za ndani. Alikuwa amesikia yote.

"Papa," akasema, "kwa Mama Adolphine njo batu bote ba Musonoi banasagishaka. Banamama ba mimba. Batoto."

"Najua."

"Na ile bafanyabiashara ba Bulgaria, niliwaambia kipande moja tu. Unajua benye walibakia ni nani? Haiko benye feza mingi. Ni benye mutu alipokeaka barua yabo, na analipa bila kufungua muzigo, sababu anaamini jina yabo."

"Abi, hii haiko masomo."

"Mama alitia jina yake yulu ya ile magunia, Papa. Haiko yako."

Nilimpigia mke wangu. Simu iliita mpaka ikachoka. Kwenye kinu hakuna anayesikia simu. Nikapiga tena nikiwa nimeshatoka mlangoni, koti mabegani, mashine imeshikwa kifuani kwa mikono miwili.

"Mbayo, rudia mu nyumba!" Kalombo akapiga kelele. "We ni mutu muzima!"

Kijana wa teksi-moto, pikipiki ya abiria, aliniuliza kama ninaenda kununua mawe, kama soko limefunguliwa. Nikamwambia hapana, naenda kujifukuza kazi. Hakuelewa, lakini alikimbia vizuri.

Nilimkuta Mama Wivine mlangoni mwa kinu amevaa gauni la kwaya. Gauni la kwaya, siku ya kazi! Kwa sababu leo hakuwa mama wa mikate. Leo alikuwa mtu anayeleta mzigo. Wanawake kama thelathini walikuwa kwenye foleni na mabeseni. Magunia yetu yalipangwa ukutani, na wapakiaji watatu walikuwa wameshika gunia la kwanza, wameliinua mdomoni mwa kinu. Mota ilikuwa inaunguruma.

"Musimwange!" nikapiga kelele. "Simamisha! Musimwange!"

Mama Adolphine akageuka. Ni mwanamke mnene, mwenye unga hadi kwenye kope, na sauti inayoshinda mota yake.

"Tata Mbayo, kuko nini?"

"Hii mahindi haiko ya kula! Iko na kobalti!"

Wote wakatazama magunia. Kisha foleni nzima ikacheka.

"Munasikia?" akasema mmoja. "Amepata mununuzi mwingine!"

"Batu ba Kasumbalesa, kule ku mupaka, bamemupa bei!"

"Tunamujua, Tata Humidité!"

Hilo ndilo jina langu Musonoi, Baba Unyevu, nilidhani hamtalisikia. Mnunuzi wa mawe hukata uzito kidogo kwa ajili ya unyevu, maana jiwe lenye maji ni zito. Ni haki. Lakini mimi nilikata unyevu hata mwezi wa nane, Kolwezi haijaona tone la mvua tangu mwezi wa nne na mbwa wanalamba mabomba. Kwa miaka mingi nilipotaka kushusha bei, nilisema mzigo una kasoro. Sasa nimekuja na kasoro ya kweli, na hakuna wa kuinunua.

Mama Wivine alinisogelea akitabasamu kwa ajili ya watu. Meno yalikuwa yamefungwa.

"Papa Abi, rudia nyumba."

"Mama Abi, nisikilize..."

"Leo ni siku yangu. Toka niolewe na we, niliomba siku moja. Rudia nyumba."

"Nitaonyesha," nikasema. "Mashini itaonyesha!"

Nikaweka mashine kwenye gunia la kwanza. Pii. Nikainua kioo juu watu waone. Sifuri nukta nne, kobalti, hiyo hapo, na namba hazina shangazi.

Mpakiaji mmoja akaachia gunia, akaja kutazama. Namfahamu. Anaitwa Mechack Muamba, alikuwa mchimbaji, aliniletea mawe miaka mitatu. Mashimo yalipokosa wanunuzi akaja kubeba magunia hapa. Ni mtu mpole, wa maneno machache. Akatazama kioo, akatazama uso wangu, akaanza kucheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Ile mashini?" akasema. "Ile yenyewe? Ile mashini iko na bongo! Yote tulipelekaka ilisemaka ni matope, sasa inasema mahindi ni mawe!"

Bongo kwetu ni uongo, na foleni ikaangua kicheko. Mwanamke mmoja aliomba nimpimie beseni, huenda ni dhahabu. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilitaka kucheka, maana lilikuwa jambo zuri sana kama lisingekuwa langu.

Mama Adolphine akaashiria kwa kidole. Wapakiaji wakainua gunia tena.

Hapo ndipo nilipoona shimo nililochimba. Nilikuwa na shahidi mmoja tu duniani, na shahidi huyo ni mwongo, na aliyemfundisha uongo ni mimi. Jumapili iliyotangulia nilisoma somo kanisani, mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Nilisoma kwa sauti nzuri, na mwisho nikatulia kidogo neno liwaingie watu wengine.

Punje za kwanza ziligonga chuma.

"Mashini iko na bongo!" nikapiga kelele. "Mechack anasema kweli! Lakini haiongezake! Inapunguzaka!"

Wapakiaji wakasimama. Mama Adolphine akakunja uso.

"Inapunguza nini?"

"Yote. Inasoma nusu. Mi njo nilimupelekea fundi akaitengeneza isome nusu. Toka myaka ine."

Mota ilikuwa bado inaunguruma. Safari hii hakuna aliyecheka. Musonoi yote inachimba, ilichimba, au imeolewa na mchimbaji. Katika foleni ile hapakuwa na beseni hata moja ambalo sikuwahi kulipunja.

"Ni bongo ingine," akasema mwanamke mmoja, lakini kwa sauti ndogo.

Nikatia mkono mfukoni. Mashine hizi huuzwa na kidonge cha chuma, kipana kama kizibo cha chupa, cha kuijaribia kama inasoma sawa. Namba yake ya kweli imechongwa ubavuni. Mimi changu nilitembea nacho miaka minne kwa kuogopa mtu asikione. Nikampa Mechack.

"Soma."

Akakigeuza kwenye mwanga. "Kumi."

"Kamata mashini. Pima we mwenyewe."

Akaweka mashine juu ya kidonge, akabonyeza kitufe. Pii. Akageuza kioo foleni ione.

"Tano," akasema.

Mwanamke wa mbele akavuta beseni lake kutoka chini ya kinu. Wa pili akavuta lake. Mama Adolphine mwenyewe akaenda kwenye mota, akaizima.

"Kwa hiyo mahindi haiko sifuri nukta ine," akasema. "Ni nane."

"Ni nane."

Mke wangu alikuwa bado amesimama pale pale. Tabasamu la watu lilikuwa limebaki usoni, hakuna aliyekumbuka kuliondoa.

"Papa Abi. Magunia ya mupya niliyonunua iko wapi?"

"Niliuzisha."

"Feza ukafanya nini?"

"Nilinunulia bakubwa bia. Kwa Ngeleka."

"Bakubwa gani?"

"Kalombo. Na Ngeleka mwenyewe. Mulumba alikunywa soda, sababu ya kanisa yake."

Nilitegemea anipige. Ningemshukuru, na watu thelathini wangepata cha kusimulia badala ya mashine. Hakunipiga. Alikunja mikono ya gauni la kwaya, akaenda kwenye gunia la kwanza, akalishika kwa pembe mbili.

"Mechack, kuko shimo nyuma?"

"Ile ya makapi, mama."

"Tutamwanga mule."

"Yote?"

"Yote. Na ile ya nyumba pia. Tukiacha ata moja, kesho iko ku soko."

Mama Adolphine alitaka kumzuia, kisha akaacha. Alijua Wivine anasema kweli. Gunia moja likibaki kuna mjanja atalisaga usiku na kuliuza mchana. Wakayaburuta yote nyuma ya kinu. Mimi nikashika pembe ya gunia moja, mke wangu akaninyang'anya, nikaenda kushika lingine. Mahindi yalikuwa mazuri, wasomaji, makubwa, meupe, hakuna hata punje iliyobunguliwa. Miaka miwili ya kuamka saa kumi na kukanda unga iliingia shimoni katika nusu saa. Mama Adolphine akaleta ndoo ya mafuta machafu ya mota, akamwaga juu, ili asije mtu akashuka kuokota.

"Mama Wivine," akasema, "we haukukosea. Lakini mi siwezi kukamata tena kwako hii mwaka. Batu bataogopa."

"Naelewa," mke wangu akasema. "Ata mi ningeogopa."

Nililia. Ningeweza kuandika kwamba ni moshi wa mota, lakini mota ilikuwa imezimwa. Nililia mbele ya wanawake thelathini na mabeseni yao, nimevaa koti, na hakuna hata mmoja aliyesema pole. Walikuwa na haki.

Watu wakaanza kuondoka. Nikadhani yamekwisha. Nikadhani kwamba mtu akishatoboa siri yake mbaya kuliko zote, anapewa ruhusa ya kwenda nyumbani.

Mechack alikuwa amerudi, mashine mkononi.

"Tata Mbayo," akasema. "Mi niko na kitu kimoja."

"Sema, mwanangu. Unyevu, teneur ile mashini ilikata, yote nitarudisha, nipe tu siku..."

"Haiko feza." Alitia mkono mfukoni akatoa kitu kilichofungwa kwenye plastiki, akakifungua taratibu. Jiwe jeusi, dogo kuliko yai. "Unakumbuka mbele ya Pasaka ya mwaka juzi? Tulikuya na magunia mbili. Mi na kaka yangu mukubwa, Nkulu."

Nilikumbuka. Nilitaka nisikumbuke.

"Ulipima, ukasema haifike mbili. Ukasema chini ya mbili hakuna mutu anakamataka."

Nilisema hivyo. Niliwaambia wakatupe. Nilitegemea warudi kesho yake, wamechoka, waniachie kwa bei ya kutupa. Ndivyo tulivyofanya, tuliita hiyo ni subira ya biashara. Hawakurudi. Nikajiambia wamepata mnunuzi mwingine.

"Nkulu alisema mawe ya yulu imekwisha uzuri," Mechack akasema. "Akasema tushuke chini zaidi. Mi nilibakia yulu nikishika kamba."

Mama Wivine aliacha kukunja magunia. Kila mtu Musonoi alijua shimo lile lililoporomoka na kumfukia Nkulu wiki ya Pasaka. Mimi mwenyewe nilipeleka sukari kwenye kilio, mfuko mzima, nikashukuriwa sana.

"Hii njo jiwe moja ya ile gunia. Nililibakisha." Akaliweka juu ya gunia tupu, akanipa mashine. "Pima."

"Mechack..."

"Pima, tata."

Nikapima. Pii. Kioo kikaandika moja nukta tisa. Nikakigeuza aone.

Alitazama. Hakupandisha sauti.

"Zidisha," akasema.

Mimi ni mfanyabiashara, hesabu naijua.

"Tatu nukta nane."

"Ilikuwa muzuri."

"Ilikuwa muzuri sana, Mechack. Haikuwa lazima mushuke."

Akatikisa kichwa, akalifunga jiwe tena kwenye plastiki, akalirudisha mfukoni. Nilingoja ngumi. Nilingoja aite wenzake, na kinu kizima kilikuwa kimejaa wenzake. Yeye alijipangusa unga mikononi.

"Mama anasemaka kila siku ni Nkulu alikosea," akasema. "Kama mutu mwenye tamaa. Amekataa ata kutia picha yake ku ukuta. Kuya, twende. We njo utamuambia."

Nilimtazama mke wangu anitetee, au anikataze. Mama Wivine alikuwa ameshachukua mkoba wake.

"Twende," akasema. "Na hii koti uache hapa."

Nikalivua. Nyumba ya mama yake Mechack ni ya nne kutoka kwenye kinu. Mlango ulikuwa wazi, na alikuwa ndani anachagua mboga, na alipotuona watatu alisimama haraka, akapangusa kiti kwa kitenge chake, akanikaribisha mimi wa kwanza.